Maneno ya Bustani na Maana Yake: Shauri kwa Wenye Bustani za Magunia wa Olympic, Kibera

Mtu apitaye Olympic, karibu na shule ya msingi yenye jina hilo, kisha akashuka mpaka Kisumu Ndogo na Makina, hataacha kuona magunia yaliyosimama wima mbele ya milango, yamejaa udongo, na ubavuni mwake yametoa majani ya sukuma wiki na spinachi. Hayo ndiyo mashamba ya watu wasio na shamba. Gunia moja likitunzwa vema huipatia nyumba mboga mara kadhaa kwa juma. Likitunzwa vibaya hula maji na fedha, wala halirudishi kitu.

Kibera haikuwa siku zote mahali pa nyumba zilizobanana. Jina lake latokana na neno la Kinubi, kibra, maana yake msitu. Wanubi waliotumika katika jeshi la King's African Rifles walikaa hapo tangu mwanzo wa karne ya 20, nao walilima na kufuga. Baadaye watu wakaongezeka, na nafasi ya kulima ikawa haba. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 palitokea machafuko. Reli ipitayo Kibera iling'olewa, maduka yakafungwa, na bei ya vyakula ikapanda. Mwaka 2008 shirika la Kifaransa liitwalo Solidarités International lilieneza bustani za magunia huko, likiwagawia watu miche ya kuanzia. Mwaka 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitunga sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Basi kulima mjini si jambo la kuonewa haya tena.

Lakini liko tatizo moja ambalo halitajwi sana, nalo ni la maneno. Wakazi wa Olympic na wa Kawangware wametoka pande nyingi: mmoja amejifunza kulima kwa Kiluo, wa pili kwa Kiluhya, wa tatu kwa Kikuyu au Kikamba. Mwuzaji katika duka la agroveti husema Kiswahili kilichochanganywa na Kiingereza, na karatasi ya mbegu imeandikwa Kiingereza kitupu. Mtu akiambiwa “tia mbolea,” hajui ni mbolea ya namna gani. Neno moja likieleweka vibaya, miche hufa, au watoto hula sumu pasipo mtu kujua. Kwa hiyo yafaa maneno ya bustani yaelezwe moja moja.

UDONGO NA MAHALI PAKE

Udongo ni wa namna tatu kuu. Udongo wa kichanga hupitisha maji upesi, wala haukai na chakula cha mimea. Udongo wa mfinyanzi hushika maji mno. Ukilowa hunata, na ukikauka hupasuka. Udongo tifutifu ni wa katikati: ukiukamata kiganjani ukiwa na unyevu hufanya donge, na ukiligusa donge hilo kwa kidole huvunjika. Huo ndio unaotakiwa. Wakazi wa Kawangware na pande za Dagoretti wana bahati ya kuwa na udongo mwekundu ulio mzuri kwa kilimo. Mahali pengine pa Nairobi udongo ni mweusi na wa kunata, nao hauna budi kuchanganywa na mboji na mchanga kidogo kabla ya kutiwa guniani.

Udongo usichukuliwe jaani, wala mahali palipochomwa plastiki, wala karibu na pale mafundi wanapopasua betri za magari. Mahali hapo huwa na madini ya risasi. Madini hayo hayaozi, wala hayaondolewi kwa kupika, nayo hudhuru akili za watoto. Udongo waweza kuonekana mweusi na wenye rutuba, kumbe una hatari. Jicho peke yake halitoshi kuupima. Mtu aulize kwanza historia ya mahali anapochimba.

Neno tuta wakazi wa Nairobi hulijua zaidi kwa lile linalopunguza mwendo wa magari barabarani. Katika bustani, tuta ni udongo ulioinuliwa ili mizizi ipate nafasi na maji yasituame. Upana wake usizidi mita moja, ili mkono ufike katikati pasipo kukanyaga. Tuta la kuzama ni kinyume chake: udongo huchimbwa ukawa chini kidogo ya usawa wa ardhi, ili maji machache yakusanyike hapo. La kwanza lafaa mahali penye mvua nyingi, la pili mahali pakavu.

Gunia nalo ni tuta lililosimamishwa. Katikati yake hujengwa nguzo ya mawe. Chukua mkebe mkubwa uliotobolewa pande zote mbili, uuweke katikati ya gunia, uujaze kokoto, na uzungushe udongo kando yake. Kisha uvute mkebe juu, ujaze tena, na kuendelea hivyo mpaka gunia lijae. Maji yakimwagwa juu ya mawe hayo hushuka mpaka chini na kuenea pembeni. Gunia lisilo na nguzo hulowa juu tu; miche ya chini hunyauka ingawa mwenyewe amemwaga ndoo nzima. Matundu ya ubavuni yatobolewe kwa kupishana, lisiwepo tundu moja chini ya jingine kwa karibu, ili mizizi isigombane.

MBOLEA, SAMADI NA MBOJI

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Mbolea ni neno la jumla: ni kila kitu kinachoongeza chakula cha mimea udongoni. Chini yake yako maneno matatu yasiyopasa kuchanganywa.

Samadi ni kinyesi cha wanyama, kama ng'ombe, mbuzi au kuku. Samadi mbichi ina ukali, na hasa ile ya kuku. Huunguza mizizi michanga, huleta mbegu za magugu, na huwa na vijidudu vya maradhi. Kwa hiyo huachwa ioze kwanza, mpaka harufu yake ikome na iwe kama udongo.

Mboji ni mabaki ya mimea na ya jikoni yaliyooza yakawa udongo mweusi mwepesi. Maganda ya ndizi na viazi, majani, majivu kidogo na samadi hupangwa kwa tabaka, vitu vibichi juu ya vikavu, na kunyunyiziwa maji. Fimbo huchomekwa katikati ya lundo. Baada ya siku chache fimbo hiyo ikichomolewa na kuguswa, huwa ya moto. Hiyo ni dalili ya kuwa kazi inaendelea. Fimbo ikiwa baridi na kavu, lundo lahitaji maji. Ikiwa baridi na yenye uvundo, maji yamezidi na hewa haiingii. Lundo hugeuzwa kila baada ya majuma mawili au matatu, na kwa kawaida huwa tayari yapata miezi mitatu. Nyama, mafuta na kinyesi cha binadamu visitiwe kamwe.

Mbolea ya chumvichumvi ni ile ya viwandani. Katika mfuko wake zimeandikwa namba, na namba hizo zina maana. 17-17-17 maana yake ni kwamba katika kilo 100 za mbolea hiyo mna kilo 17 za naitrojeni, kilo 17 za fosfati na kilo 17 za potashi. Ya kwanza hukuza majani, ya pili husaidia mizizi, na ya tatu huupa mmea nguvu na kufaa maua na matunda. DAP, ambayo ni 18-46-0, ni ya kupandia, kwa kuwa fosfati yake ni nyingi. CAN, yenye naitrojeni 26, ni ya kukuzia, yaani hutiwa mmea ukiisha kushika. Mwenye gunia na akumbuke kwamba udongo wake ni kidogo: chumvi ikizidi haina pa kwenda, na majani huungua ncha zake. Katika gunia mboji ni salama kuliko chumvichumvi.

MBEGU, KITALU NA MICHE

Kupanda na kusia si kitu kimoja. Kupanda ni kuweka mbegu au mche mahali utakapokulia. Kusia ni kumwaga mbegu katika kitalu, mahali padogo palipotayarishwa vizuri, ili zichipue na kungoja kuhamishwa. Wauza miche wa kando ya barabara hupaita mahali pao nasari, neno lile lile la shule ya watoto wadogo. Neno hilo si baya, maana kazi ni moja: kulea mpaka kimo cha kuweza kujitegemea.

Mche wa sukuma wiki hukaa kitaluni majuma manne mpaka sita. Siku chache kabla ya kuhamishwa, miche huzoeshwa: kivuli hupunguzwa na maji hupunguzwa, ili isishtuke ifikapo juani. Mtu akiacha kuizoesha, asishangae kuiona imelala asubuhi ya pili. Kupandikiza ni kule kuhamisha kwenyewe, na hufanywa jioni au siku ya mawingu, udongo ukiwa umeloweshwa kwanza.

Kupunguza miche ni kung'oa ile iliyosongamana ili inayobaki ipate nafasi. Wengi huona uchungu kuing'oa. Lakini hasa kwa spinachi ya Nairobi kazi hiyo haikwepeki, kwa sababu punje moja inayoonekana kuwa mbegu moja ni fungu la mbegu kadhaa zilizoshikamana. Hutoa miche miwili au mitatu mahali pamoja.

Mbegu chotara, ambazo mifuko yake huandikwa F1, ni mbegu zilizozaliwa na wazazi wa aina mbili waliochaguliwa. Huzaa vizuri, lakini mtu akizihifadhi mbegu za mavuno yake na kuzipanda tena, watoto hawafanani na mama yao. Anayetaka kujiwekea mbegu zake mwenyewe na achague mbegu za kienyeji, kama za mchicha au kunde. Na anayenunua na atazame alama ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, maana mbegu bandia zimewapotezea wakulima msimu mzima.

KAZI ZA KILA SIKU

Kupalilia ni kuondoa magugu na kulegeza udongo kuzunguka shina. Kupogoa ni kukata matawi au machipukizi yasiyotakiwa, kama vile vichipukizi vya nyanya vinavyoota kwenye makwapa ya majani. Kuchuma ni kutwaa mavuno. Sukuma wiki huchumwa kuanzia chini, na majani machanga ya kileleni huachwa. Akatazaye kileleni ameua mmea kwa ajili ya chakula cha siku moja. Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali.

Matandazo ni nyasi au majani makavu yanayotandazwa juu ya udongo ili jua lisiukaushe. Kwa mtu anayenunua maji kwa mtungi wa lita 20, matandazo ni fedha mfukoni, maana siku mabomba yanapokauka bei ya mtungi hupanda.

Kwa habari ya maji, maji ya kusuuzia mboga au nguo yaliyo na sabuni kidogo yaweza kutumika, yakimwagwa udongoni wala si juu ya majani, na si kila siku. Maji mazito ya sabuni ya unga huharibu udongo. Maji taka ya mfereji na ya mto unaopokea vyoo hayafai kabisa: yana vijidudu vya kipindupindu na mayai ya minyoo, ambayo hushika majani mabichi. Mboga iliyonyunyiziwa maji hayo yaweza kuwa ya kijani sana sokoni, nayo ikapeleka nyumba nzima hospitalini.

MAJINA YA MBOGA

Mboga moja huitwa majina mengi. Mnavu wa Kiswahili ndio managu ya Wakikuyu, osuga ya Waluo na lisutsa ya Waluhya. Mgagani ndio sageti. Waluo huita dek au akeyo, na Waluhya tsisaka. Mlenda ni apoth kwa Waluo. Mchicha wengi wa Nairobi huuita terere. Ajuaye majina haya hatanunua mbegu mara mbili akidhani ni mboga mbili.

Tena majina huficha udugu. Spinachi inayouzwa Nairobi kwa kawaida si spinachi ya Ulaya, bali ni ndugu wa kiazi chekundu kiitwacho bitiruti. Managu ni ya jamaa moja na nyanya, viazi na pilipili. Sukuma wiki ni ya jamaa moja na kabichi. Udugu huu ni wa maana katika mzunguko wa mazao, yaani kubadilisha mazao katika udongo ule ule. Mtu akitoa nyanya zilizonyauka kwa ugonjwa, kisha akapanda managu pale pale, hakubadilisha kitu. Ugonjwa umepata ndugu wa marehemu. Baada ya nyanya na apande kunde au sukuma wiki.

DAWA NA SIKU ZA KUNGOJA

Vidukari ni vijidudu vidogo vinavyokaa chini ya majani ya sukuma wiki na kufyonza maji yake. Vikiwa vichache huondolewa kwa mkono au kwa kuoshwa na maji. Mtu akilazimika kunyunyiza dawa, yako mambo mawili ya kujua. La kwanza ni rangi ya ukanda ulio chini ya karatasi ya chupa: nyekundu ni sumu kali sana, manjano ni ya wastani, buluu ni ndogo, na kijani ni hafifu kuliko zote, ingawa nayo hutumiwa kwa uangalifu. Ya ukanda mwekundu haina mahali karibu na mlango wa nyumba.

La pili ni siku za kungoja, yaani idadi ya siku zinazopasa kupita tangu kunyunyiza mpaka kuchuma. Idadi hiyo huandikwa katika karatasi ya dawa. Ikiwa ni siku saba, basi kuchuma siku ya tatu ni kuwapa watoto sumu katika sahani. Asiyeweza kusoma karatasi hiyo na amwombe mwanafunzi aliye karibu amsomee kabla ya kufungua chupa. Na dawa isinunuliwe iliyomiminwa katika chupa ya soda, kwa kuwa haina karatasi wala rangi, na mtoto huweza kuidhania kinywaji.

UZURI WA MAHALI

Bustani si chakula tu. Kupanga mahali ni kujua maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Kibera ina miteremko mingi ielekeayo vijito na Mto Ngong, na mvua za Machi mpaka Mei na za Oktoba mpaka Desemba hushuka kwa nguvu. Gunia lisiwekwe juu ya mfereji. Maji yakizuiwa huingia nyumba ya jirani, na ugomvi huanza. Mahali pa mteremko hujengwa matuta ya ngazi, yaani udongo uliokatwa ngazi ngazi na kushikizwa kwa mawe, ili usichukuliwe na maji. Tangu mwaka 2006 shirika la Kounkuey Design Initiative limeshirikiana na wakazi kutengeneza viwanja vya watu wote kando ya vijito vya Kibera, na kazi hizo zimeonyesha kwamba kingo zilizotupwa taka zaweza kugeuzwa mahali pa kukaa na kuchezea watoto.

Ua wa miti ni mimea iliyopandwa kwa mstari na kukatwa sawasawa ili kuzuia mifugo na wezi; kayaba yenye miiba mirefu yajulikana sana Nairobi kwa kazi hiyo. Majani yatambaayo, ambayo ulimwengu mzima huyaita nyasi za Kikuyu, asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Hushika udongo vema, lakini yasiachwe kuingia katika tuta la mboga, kwa kuwa mizizi yake hutambaa chini ya ardhi na kuwa magugu magumu kung'oa. Mmea ule ule huwa pambo upande mmoja wa njia, na adui upande wa pili.

Mwenye gunia moja na aanze na haya: aulize udongo umetoka wapi, ajenge nguzo ya mawe, atie mboji iliyoiva, apandikize jioni, atandaze nyasi, na kuchuma kwa kiasi. Tena akienda dukani asiseme “nipe mbolea” wala “nipe dawa,” bali ataje anachokitaka kwa jina lake. Ajuaye jina la kitu hadanganywi kwa urahisi, na gunia lake litalisha watu wa nyumba yake.